Kichezeo Salama, Kinachodumu na Kinachokua na Mtoto: Mwongozo kwa Wazazi na Walezi

Mzazi anaponunua kichezeo, aghalabu humfikiria mtoto mmoja na siku moja: siku ya kuzaliwa, asubuhi ya Idi, jioni ya Krismasi. Lakini kichezeo kikishaingia nyumbani hakibaki na mtoto yule peke yake, wala hakibaki kama kilivyokuwa dukani. Huangushwa, huachwa juani, huloweshwa, hung'atwa. Gurudumu hung'oka, jicho la mdoli hutoka, kifuniko cha betri hupotea. Kabla mwaka haujaisha kimekwisha kurithiwa na mdogo wake anayetambaa, au kimeokotwa na mtoto wa jirani aliyekuja na mama yake kusalimia.

Kwa sababu hiyo, makala haya yanapendekeza kipimo kimoja kinachotangulia vingine vyote. Kichezeo kisipimwe kwa mtoto anayenunuliwa, bali kwa mtoto mdogo kuliko wote atakayekifikia. Na kisipimwe kwa sura yake ya dukani, bali kwa vipande kitakavyotoa siku kitakapovunjika. Mzazi anayepima hivyo hujikuta amechagua kitu kigumu, kizima, chenye sehemu chache, na kwa kawaida kitu cha namna hiyo ndicho mtoto anachoweza kukichezea kwa miaka mingi kwa namna mpya kila mwaka. Usalama, udumu na manufaa ya muda mrefu ni mambo ambayo mara nyingi hukutana katika kitu kimoja. Tena bei yake si lazima iwe kubwa.

Neno kichezeo ninalitumia hapa kwa maana pana: mdoli, gari la bati, mpira wa matambara, sufuria la jikoni analopigia mtoto ngoma, na chochote kingine ambacho mtoto amekifanya chake.

Kwa nini umri wa miaka mitatu

Tangu karibu miezi mitano mtoto huchunguza ulimwengu kwa kinywa. Si utundu wala njaa. Midomo na ulimi vina hisi kali, na kwa mtoto mchanga vinampa habari ya umbo na ugumu wa kitu ambayo vidole vyake bado havijaweza kuipata. Tabia hii hupungua taratibu baada ya mwaka wa pili, na watoto wengi huiacha wanapofikia miaka mitatu, ingawa si wote.

Katika kipindi hichohicho maumbile ya koo lake hayako upande wake. Meno ya mbele huota mapema, hivyo aweza kumega na kung'oa. Magego ya kwanza huota baada ya mwaka mmoja, na ya pili kati ya miaka miwili na mitatu, hivyo kwa muda mrefu anaweza kumega asichoweza kusaga. Bomba lake la hewa ni jembamba, unene wake ukikaribiana na kidole chake kidogo cha mkono. Kikohozi chake hakina nguvu ya kutosha kurusha nje kitu kilichokwama. Tena hucheka, hulia na hukimbia kitu kikiwa kingali kinywani, na kila moja ya hayo huanza kwa kuvuta pumzi kwa nguvu.

Hapo ndipo ulipotoka mpaka wa miaka mitatu unaoonekana katika viwango vya usalama wa vichezeo. Nchini Marekani, kanuni iliyoanza kutumika mwaka 1980 iliweka kipimo cha silinda ndogo yenye upana wa milimita 31.7 na kina kinachopanda kwa mshazari kutoka milimita 25.4 hadi 57.1, kikifuatisha koo la mtoto wa chini ya miaka mitatu lililotanuka. Kichezeo cha umri huo, au kipande chochote kinachotoka humo, kikizama chote ndani ya silinda hiyo, hakiruhusiwi kuuzwa. Kiwango cha kimataifa cha vichezeo, ISO 8124, kinatumia silinda ya namna hiyohiyo.

Nyumbani hatuna silinda hiyo, lakini kiini cha gamba kinachobaki karatasi ya chooni ikiisha kinatufaa. Upana wake ni sentimita nne hivi, yaani ni mpana kuliko ule wa kanuni, na kosa la upande huo halimdhuru mtu. Chochote kinachopita ndani ya kiini hicho kisikae mahali anapofikia mtoto wa chini ya miaka mitatu. Kwa vitu vya mviringo kamili ongeza tahadhari zaidi, kwa kuwa tufe huziba koo lote bila kuacha upenyo wa hewa: kanuni ya Marekani inataka mpira wa mtoto wa umri huo uzidi milimita 44.4. Mpira wa tenisi ya meza una milimita 40. Wengi huudhani mkubwa kwa kuwa ni mwepesi, ilhali haufai kwa mtoto mdogo. Gololi sina haja ya kuzitaja.

Kwenye pakiti za vichezeo huchorwa alama ya duara jekundu lenye uso wa mtoto na tarakimu 0-3, likiwa limekatwa kwa mstari. Alama hii hueleweka vibaya kuliko zote. Nimemsikia zaidi ya mama mmoja akisema, "Daktari, huyu ana akili kuliko umri wake, nilimnunulia cha wakubwa." Alama ile haizungumzii akili. Inazungumzia upana wa koo na uwezo wa kukohoa, na mtoto mwerevu wa miezi kumi na minane ana koo la miezi kumi na minane. Pengine werevu wake unamwongezea hatari, maana atajua kufungua kifuniko mapema kuliko wenzake.

Kitu kilichopita bila kuonekana

Wasomaji wengi hudhani kwamba mtoto akipaliwa na kipande cha kichezeo, ama kitatoka ama atakufa papo hapo. Sisi madaktari wa masikio, pua na koo huonana zaidi na kundi la tatu. Mtoto hukohoa kwa ghafla, uso humwiva, kisha hutulia. Waliokuwapo hushukuru na kusahau. Kipande kimeteremka, mara nyingi kikaingia tawi la kulia la bomba la hewa, ambalo ni pana na limenyooka zaidi kuliko la kushoto, kikatulia pale.

Kisa cha kawaida huwa hivi. Mtoto wa mwaka mmoja na miezi kadhaa analetwa akiwa na kikohozi na kukoroma kifuani. Ametibiwa nimonia mara tatu katika miezi miwili. Kila mara dawa ya viuavijasumu humpa nafuu, ikiisha hali hurudi, na kila mara pafu lililoathirika ni lilelile. Picha ya eksirei haionyeshi kitu kigeni, kwa sababu plastiki na mbao hupitisha miale na hazionekani. Mtoto akishalazwa kwa dawa ya usingizi, chombo chembamba chenye taa hupitishwa kinywani hadi kwenye pafu, na kinachotolewa ni jicho la mdoli, au kifuniko cha kalamu ya kaka yake. Baada ya hapo mama hukumbuka: ndiyo, kuna siku alipaliwa, lakini ilipita.

Nimonia inayorudi upande uleule wa kifua kwa mtoto mdogo imtie kila mzazi na kila tabibu swali hilo mdomoni: je, aliwahi kupaliwa?

Betri bapa

Kati ya vitu vyote vinavyotoka ndani ya vichezeo, hiki ndicho ninachotaka msomaji akikumbuke hata akisahau vingine vyote. Ni ile betri ndogo bapa mfano wa kifungo au sarafu. Hukaa ndani ya vichezeo vya kuwaka na kuimba, kadi za pongezi zenye muziki, viatu vya watoto vya kumetameta, rimoti ndogo, mizani ya jikoni, mishumaa ya taa na saa. Iliyo mbaya kuliko zote ni ya lithiamu yenye upana wa milimita 20 na volti 3, ambayo hubandikwa namba 2032. Kwa upana huo hunasa kwenye umio wa mtoto badala ya kuteremka tumboni.

Madhara yake si ya kuziba, na wala si lazima betri ivuje. Ikishagusa pande mbili za umio ulio na unyevu, mkondo wa umeme hupita katika nyama, na kwenye upande wake hasi hutengenezwa haidroksidi, kemikali babuzi ya jamii ile inayotumiwa kutengenezea sabuni na kuzibulia mabomba. Kuungua kukali kwaweza kutokea ndani ya saa mbili. Baadaye, hata baada ya betri kutolewa, kidonda kinaweza kuendelea kula hadi kutoboa njia ya hewa au mshipa mkuu wa damu ulio jirani. Betri iliyochakaa isiyoweza tena kuwasha kichezeo bado ina nguvu ya kutosha kuunguza. Ikiingizwa puani, huweza kutoboa ukuta unaotenganisha matundu mawili ya pua katika saa chache.

Ugumu ni kwamba dalili zake ni za kila siku: kukataa chakula, udenda mwingi, kutapika, kikohozi, maumivu ya kifua. Kwenye eksirei huweza kudhaniwa sarafu, isipokuwa ukingo wake huonekana kama duara mbili, moja ndani ya nyingine. Mzazi anayeshuku kwamba mtoto amemeza betri aende hospitali yenye eksirei wakati huohuo, usiku au mchana, asingoje kuona kama atanya. Asimtapishe. Ikiwa mtoto amezidi umri wa mwaka mmoja, anameza vizuri na hazijapita saa 12, wataalamu wa sumu wanashauri apewe asali njiani, vijiko viwili vya chai kila baada ya dakika kumi, visizidi mara sita, kwa kuwa asali hufunika nyama na kupunguza ukali wa kemikali. Asali haitibu, na safari isicheleweshwe kwa ajili ya kuitafuta. Mtoto wa chini ya mwaka mmoja asipewe asali kabisa kwa hatari ya botulizimu.

Kichezeo chenye betri ya aina hiyo kinakubalika tu ikiwa kifuniko chake kimefungwa kwa skrubu ambayo mtoto hawezi kuifungua kwa kucha. Kifuniko cha kusukuma kwa kidole gumba hakitoshi. Kwa nyumba yenye mtoto anayetambaa ushauri wangu ni mkali zaidi: kisiingie.

Sumaku ndogo zenye nguvu ni ndugu wa betri kwa hatari. Moja ikimezwa hupita. Mbili zikimezwa kwa nyakati tofauti hutafutana kupitia kuta za utumbo, huzibana, na kuutoboa. Shanga za maji, zile tembe ndogo za rangi zinazovimba zikilowekwa, huendelea kuvimba ndani ya tumbo na kuziba njia. Na puto, furaha ya kila sherehe, husahaulika: kipande cha puto lililopasuka hujibandika kooni kwa namna ambayo pigo la mgongoni haliking'oi kwa urahisi. Puto lisilojazwa na vipande vyake si vya mtoto wa chini ya miaka minane.

Udumu ni sehemu ya usalama

Viwandani, kichezeo hakipimwi kikiwa kizima tu. Kile cha mtoto wa chini ya miezi kumi na minane hudondoshwa mara kumi kutoka kimo cha karibu mita 1.4, huvutwa, huzungushwa, hubanwa; kisha vipande vilivyotoka, kama vipo, ndivyo vinavyotiwa kwenye silinda niliyoieleza. Mzazi naye aweza kufanya hivyo kwa mikono yake. Vuta jicho la mdoli na sikio lake kwa nguvu ya mtu mzima. Zungusha gurudumu huku ukilivuta. Pindisha kidogo ukingo wa plastiki: ikiwa panageuka peupe palipopinda, plastiki hiyo itakatika na kutoa ncha kama ya kioo. Mwenye duka hatafurahi, lakini mtoto atafanya hayo yote kabla ya jua kuchwa.

Sina mahaba na mbao kwa kuwa ni mbao tu. Plastiki nene na laini ya bakuli au ndoo ndogo hudumu miaka, huoshwa kwa sabuni, na ikichoka hukunjika badala ya kupasuka. Kwa mtoto anayeumwa mara kwa mara, kichezeo kinachooshwa ni bora kuliko kizuri kisichooshwa. Kwa upande mwingine, gari la mbao hafifu lililoundwa kwa misumari midogo ni hatari kuliko kikombe cha plastiki. Cha kutazama ni namna kilivyoungwa. Kitu cha kipande kimoja hakina cha kung'oka. Kilichoungwa kwa gundi na vipini vya mbao hufuata. Cha misumari na waya wenye ncha wazi kiwe cha mwisho, na kiwe cha mtoto mkubwa.

Mdoli wa kitambaa ushonwe kwa uzi maradufu, macho na mdomo vitariziwe badala ya kubandikwa vifungo, na ndani ujazwe matambara au pamba, si punje za mahindi wala choroko. Vichezeo vya kutikisa vitoavyo mlio vikiwa vimejazwa mbegu vinahitaji jicho la pekee. Mbegu nyekundu zenye doa jeusi, ambazo wengine huziita matipitipi, ni nzuri mno kutazama, na ndani yake mna sumu iitwayo abrini. Ikimezwa nzima, gamba lake gumu huizuia. Ikitobolewa kwa ajili ya uzi, au ikitafunwa, sumu hutoka. Zisitumike katika kichezeo chochote wala katika ushanga wa mtoto.

Kamba iliyofungwa kwenye kichezeo cha mtoto wa chini ya mwaka mmoja na nusu isizidi shubiri moja, na kisilale naye kitandani.

Vichezeo vya mitumba navyo vina neno lake. Vingi ni imara kuliko vipya vya bei rahisi, na sioni sababu ya kuvikataa. Ila huja bila pakiti, hivyo bila alama ya umri, na vingine ni vya zamani kabla ya masharti ya sasa kuhusu rangi. Nunua kilicho kizima, kisicho na rangi inayobanduka, osha kwa maji ya moto na sabuni, na tazama sehemu ya betri kabla ya kulipa. Kwa vipya, alama ya ubora ya Shirika la Viwango Tanzania au la Kenya ni jambo la kuuliza. Muuzaji akizoea kuulizwa, naye ataanza kumuuliza anayemletea.

Kuhusu rangi, tatizo ni madini ya risasi, ambayo kwa miaka mingi yametiwa katika rangi za mafuta, hasa za njano, nyekundu na kijani. Shirika la Afya Duniani halijui kiwango chochote cha risasi kisicho na madhara kwa ubongo wa mtoto, na mwili wa mtoto mdogo hufyonza risasi iliyomezwa mara nne hadi tano kuliko wa mtu mzima. Nembo ya kiwandani ikikosekana, mbao isiyopakwa rangi ni salama kuliko iliyopakwa mabaki ya rangi ya geti.

Kinachokua na mtoto

Mwaka 1837 mwalimu wa Kijerumani, Friedrich Fröbel, alianzisha taasisi ya watoto wadogo huko Bad Blankenburg, na vifaa alivyowapa vilikuwa mpira wa sufu, tufe la mbao, mche na vipande vya mbao vilivyokatwa sawasawa. Karibu karne mbili zimepita na sijaona kichezeo kilichovishinda kwa kukua na mtoto. Vipande vya mbao havifanyi lolote vyenyewe. Kila kitu hufanywa na mtoto.

Tazama vinavyobadilika bila kubadilika. Miezi sita, mtoto huhamisha kipande kutoka mkono mmoja hadi mwingine. Miezi tisa, hugonganisha viwili. Mwaka mmoja, hutia ndani ya sufuria na kutoa, mara ishirini, kwa uso wa mtu aliye kazini. Miezi 15, hupandisha viwili. Miezi 18, vitatu. Miaka miwili, sita au zaidi. Akifika mitatu hujenga daraja la vipande vitatu akifuata mfano, na mnara wa tisa. Miaka mitano, hujenga ngazi. Baada ya hapo vipande huwa nyumba, basi la abiria, duka, ng'ombe. Na akianza shule, kimoja kirefu kinacholingana na viwili vifupi humfundisha nusu kabla mwalimu hajaandika ubaoni. Hatua hizo za mnara na daraja si zangu. Ndizo tunazotumia kliniki kupima ukuaji wa mtoto, kwa vipande vidogo vya mbao vinavyokaa katika droo ya daktari. Kwa hiyo mzazi mwenye vipande nyumbani ana pia kipimo. Mtoto wa miaka miwili asiyejaribu kabisa kupandisha kimoja juu ya kingine, ingawa ameonyeshwa, aletwe aangaliwe uwezo wa kuona, wa kusikia na wa mikono.

Vipande hivyo haviagizwi ng'ambo. Nenda kwa fundi seremala, omba mabaki ya mninga au mkongo yasiyo na dawa ya wadudu, akukatie vipande thelathini hivi: vingi viwe mche wa sentimita tano kila upande, vingine urefu maradufu, vichache maradufu tena. Visipungue sentimita tano, na kipimo cha kiini cha karatasi kitakueleza sababu. Pembe zote zilainishwe kwa msasa hadi uweze kuzipitisha shavuni bila kukwaruzwa. Visipigwe vanishi, vipakwe nta ya nyuki au mafuta ya nazi kidogo, vikauke. Mbao laini inayotoa vibanzi haifai hata ikiwa bure.

Vingine vya jamii hiyo ni mpira, bakuli zinazoingiana, mdoli wa kitambaa, ndoo na mchanga, na gari la mbao la kusukuma ambalo kwanza humsaidia kusimama, kisha hubeba mzigo, kisha humbeba mdogo wake. Gari hilo lisichanganywe na kile kiti chenye magurudumu ambamo mtoto huning'inizwa ili "atembee mapema". Hakiharakishi kutembea, na humfikisha kwenye ngazi na kwenye jiko kabla mama hajageuka. Kanada ilikipiga marufuku mwaka 2004. Bao ni kichezeo cha maisha yote, lakini kete za komwe zina upana wa sentimita mbili hivi, basi liwe juu ya kabati hadi mdogo kuliko wote atimize miaka mitatu.

Ushahidi ninaoupenda kuliko wote kuhusu vichezeo umetoka Jamaika. Mwaka 1986 na 1987, Sally Grantham-McGregor na wenzake waliandikisha watoto 129 waliodumaa, wenye umri wa miezi 9 hadi 24, jijini Kingston. Baadhi yao walitembelewa kila juma, kwa saa moja, muda wa miaka miwili, na mhudumu wa afya ya jamii aliyecheza na mtoto pamoja na mama yake kwa vichezeo vilivyotengenezwa kwa vitu vya nyumbani, akaviacha pale na kuvibadilisha baadaye. Miaka ishirini baada ya mpango huo, watoto wale walikuwa na kipato kilichozidi kwa asilimia 25 cha wenzao ambao hawakupata michezo hiyo. Matokeo hayo yalichapishwa mwaka 2014. Kilichofanya kazi hakikuwa chupa na makopo yale yenyewe. Mama alijifunza kucheza, na kichezeo kilikuwa sababu ya kuzungumza na mwanawe. Kichezeo kinachoimba, kuhesabu na kujisifu chenyewe humwondolea mama kazi hiyo, na ndiyo maana Chama cha Madaktari wa Watoto cha Marekani, katika mwongozo wake wa mwaka 2018, kilielekeza wazazi kwenye vichezeo vya kawaida badala ya vya kielektroniki.

Na kwa kuwa mimi ni mtu wa masikio, niongeze hili: sauti inayovumilika kutoka sentimita 25 huongezeka kwa desibeli 20 kichezeo kikisogezwa hadi sentimita mbili na nusu, na mtoto hukisogeza hasa sikioni. Kikikulazimisha kupaza sauti ili usikike, bandika utepe mnene juu ya spika yake au kirudishe.

Mtoto akipaliwa

Hata nyumba iliyochagua vizuri hupata mgeni aliyeangusha kifungo. Mtoto anayekohoa kwa nguvu, analia au anasema, aachwe akohoe, akiangaliwa kwa karibu. Asiyetoa sauti, asiyeweza kuvuta pumzi, anayegeuka bluu midomoni, anahitaji mkono wako sasa hivi.

Wa chini ya mwaka mmoja alazwe kifudifudi juu ya mkono wako, kichwa kikiwa chini kuliko kifua, taya limeshikiliwa. Mpige mara tano katikati ya mabega kwa kitako cha kiganja. Kisipotoka, mgeuze chali, mbonyeze katikati ya kifua mara tano, chini kidogo ya mstari wa chuchu. Rudia kwa zamu. Aliyezidi mwaka mmoja ainamishwe mbele, apigwe mgongoni mara tano vilevile. Kisha simama au piga magoti nyuma yake, weka ngumi juu ya kitovu na chini ya mbavu, uvute kwa ndani na kwenda juu mara tano. Usiingize kidole kooni kutafuta usichokiona, kwani utakisukuma. Akipoteza fahamu, mlaze sakafuni, anza kumhuisha kwa kubonyeza kifua na kumpulizia pumzi, na mtu mwingine atafute usafiri.

Aliyepaliwa kisha akatulia apelekwe hospitali siku hiyohiyo, hata akicheka. Chukua kichezeo kilichovunjika uende nacho pamoja na vipande vilivyobaki, maana eksirei isipoonyesha kitu, vipande hivyo ndivyo vitakavyomwonyesha daktari umbo na ukubwa wa anachokitafuta.